Shajara ya tangi la pikipiki: kunyoosha fila kwenye mviringo kabla ya rangi

Hali ya tangi

Tangi ni la bati, la pikipiki ya zamani, pana mbele na jembamba kuelekea kitini. Ubavu wa kulia ni mzima. Wa kushoto una bonde la upana wa kiganja, pale usukani ulipogonga pikipiki ilipoangukia upande huo. Matangi mengi huumia hapo hapo, kwa sababu usukani ukijikunja hadi mwisho hauna pengine pa kugonga.

Ukubwa wa bonde haunisumbui. Kinachonisumbua ni umbo la mahali lilipo. Mlango wa gari ulio bapa unaupaka fila (lipu ya kujazia mabonde), unapitisha kibao kirefu cha msasa, umemaliza. Tangi halina sehemu bapa. Ubavu umebinuka kwa urefu na kwa upana kwa pamoja, juu yake kuna mkunjo mkali unaotoka kwenye kifuniko cha mafuta hadi nyuma, na chini, magoti yanapobana, bati limezama ndani. Kila umbo hapo linadai kibao chake. Tena rangi nitakayopiga ni nyeusi ya kung'aa, na nyeusi ya kung'aa haifichi kitu: wimbi dogo ambalo jicho halilioni kwenye praima (rangi ya msingi) ya kijivu linajitangaza siku ya kliya (tabaka angavu la mwisho), wakati wa kurudi nyuma umeshapita.

Kabla ya kugusa chochote nilikata vigezo. Nilichukua kadibodi ngumu nikaikata ifuate mviringo wa ubavu mzima katika sehemu tatu: mbele, katikati na nyuma, kila mahali pakiwa na alama ya umbali kutoka kwenye mkunjo wa juu. Kigezo cha kulia ukikigeuza kinakuwa cha kushoto. Cha katikati kilipokaa juu ya bonde kilionyesha mwanya wa karibu milimita 5.

Jumamosi: kumwaga mafuta, kuvuta bonde, kutoa rangi

Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka, si petroli yenyewe ikiwa imejaa. Kwa hiyo nilimwaga yote, nikaondoa koki na kifuniko, nikasuuza ndani kwa maji ya moto na sabuni ya mafuta zaidi ya mara moja, kisha nikaliacha wazi nje likauke kabisa. Mpango huu hauna kulehemu, na mashine ya cheche haitakaribia hapa.

Bonde nililivuta kabla ya kutoa rangi ya zamani: vishikio vya plastiki kwa gundi ya moto, nikianza pembezoni na kuingia katikati pole pole. Kuanza katikati kunainua ncha moja na kuacha pete iliyobonyea kuizunguka. Nyuma ya bati la tangi mkono haufiki, hivyo kila ninachokivuta kutoka nje ni faida. Kigezo sasa kinaonyesha milimita 2 kasoro. Hapo fila inaruhusiwa kuingia. Mimi huweka mpaka wa milimita 3 kwa fila iliyokwisha kupigwa msasa. Zaidi ya hapo ni kazi ya bati, si ya fila, hasa kwenye tangi linalotetemeka muda wote injini ikiwaka.

Rangi nimeitoa kwa msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi), bila dawa ya kuyeyusha. Dawa inafanya kazi haraka, lakini hujificha kwenye maungio ya chini na kwenye ukingo wa mdomo wa mafuta, kisha miezi baadaye hutambaa na kuinua rangi mpya. Matundu yote nimeyaziba kwa vizibo vya mpira na tepu, kwa kuwa vumbi la fila likiingia ndani litaishia kwenye kabureta.

Namba 80 pia ndiyo inayoacha mikwaruzo ambayo fila huishikilia. Bati laini linalong'aa halina pa kushikwa. Nimefuta grisi kwa vitambaa viwili, kimoja kibichi cha dawa, kingine kikavu kinachofuata nyuma kabla dawa haijakauka. Kitambaa kimoja peke yake kinahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale.

Jumamosi jioni: fila ya kwanza

Nimepaka siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala usiku kucha kwenye hewa yenye unyevu huanza kutu isiyoonekana kwa macho, na fila ikikaa juu ya kutu hiyo imekaa juu ya mchanga.

Kuhusu hadina, dawa ya kukaushia fila, naomba kila anayesoma anunue mizani ndogo. Kiasi cha kawaida ni gramu 2 za hadina kwa gramu 100 za fila. Watu huzidisha ili ikauke upesi, na kweli inakauka upesi, ila hadina iliyobaki bila kazi haiondoki. Hupanda polepole hadi kwenye rangi na kuacha doa la mviringo. Ukipunguza sana, fila inabaki laini na kuujaza msasa utandu. Kwenye joto la nyuzi 20 hivi una dakika 4 au 5 za kupaka. Kukiwa na joto zaidi, changanya kidogo kidogo.

Nachanganya juu ya kipande cha plastiki ngumu, si kadibodi, maana kadibodi hunyonya utomvu wa fila. Mkono hauzungushi kama unakoroga uji. Nakandamiza na kukunja, nakandamiza na kukunja, hadi rangi iwe moja bila mstari hata mmoja wa hadina. Kukoroga kunaingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo vitundu vya sindano utakavyovikuta baadaye wakati wa msasa.

Tabaka la kwanza ni jembamba sana, limekandamizwa kwa nguvu ili liingie kwenye mikwaruzo. La pili ndilo linalojaza. Kisu cha chuma hakifai hapa: makali yake yamenyooka, kwa hiyo juu ya mbinuko yanagusa katikati tu na kuacha ngazi mbili pembeni. Nimekata kipande cha plastiki laini, upana wa kama sentimita 12, nakipinda kwa kidole gumba na vidole viwili kifuate tumbo la tangi, nakivuta kwa mkono mmoja usiosimama kutoka mbele hadi nyuma. Mkono ukisimama katikati, unaacha tuta.

Mdogo wangu alikuwa ananishikia tochi. Akauliza, "Kaka, mbona fila umeifikisha hadi huku, na bonde liko hapo tu?"

Nikamwambia aweke kiganja juu ya ubavu mzima na akipeleke nyuma taratibu. "Umeona mviringo unakoanzia?"

"Unaanzia mbele kabisa."

"Basi ndio tunaounyoosha. Bonde ni sehemu yake tu."

Kazi yote iko hapo. Fila ni laini kuliko bati. Ukiiweka kwenye bonde peke yake, kibao kikipita juu ya mpaka kitakula fila na kuacha bati, na utapata pete: ukingo wa bati uliosimama, ndani yake fila iliyozama. Kadiri unavyoifukuza pete hiyo kwa msasa ndivyo unavyoichimba. Dawa yake ni kupaka fila mara mbili au tatu ya upana wa bonde, ikififia kuwa si kitu pembezoni, ili kibao kiwe na mahali pa kupanda na mahali pa kushukia.

Jumapili: namba 80

Fila ikishakauka juu inabaki na utando unaonata. Utando huo hujaza msasa mara moja, kwa hiyo nimeuparua kwanza kwa tupa ya meno makubwa, wakati ukucha bado unaacha alama kidogo. Baada ya hapo niliiacha ikauke kabisa ndipo msasa ukaanza.

Vibao vyangu ni vitatu. Kwa tumbo la ubavu ninatumia mpira mgumu wa sentimita 15 hivi, unaokubali kupinda lakini hauzami. Sponji laini haifai katika hatua hii kwa sababu inafuata kila bonde badala ya kulivuka. Kwa sehemu ya magoti ninatumia kipande cha bomba la mpira la maji ya rejeta, nimekizungushia msasa. Unene wa bomba uwe mdogo kidogo kuliko mzunguko wa hapo, ukizidi utagusa kingo mbili tu na kuchimba mitaro. Cha tatu ni ubao mdogo bapa, na ni kwa ajili ya mkunjo wa juu peke yake.

Vidole bila kibao ni marufuku. Vidole vinne vilivyoshika msasa vinaacha mifereji minne. Huioni leo, utaiona siku ya kliya.

Mwendo ni wa mshazari. Napiga kutoka juu mbele kwenda chini nyuma, mara kadhaa, kisha nageuza na kupiga mshazari wa upande mwingine, mikwaruzo ikikutana kama herufi X. Kila pigo linaanzia kwenye bati zima, linavuka fila, linaishia kwenye bati zima. Kibao kinakaa kwenye upande ambao mviringo ni mpole zaidi, yaani urefu wa tangi, na kinaviringika kidogo mkono unaposhuka. Uzito wa mkono unatosha. Ukikandamiza, kibao kinapinda kuliko tangi na kuanza kuchonga sura yake chenyewe.

Baada ya dakika chache za namba 80 nilipaka unga mweusi wa kuongozea uso mzima kwa sponji, kisha nikapita tena na kibao. Ndipo tangi likasema. Katikati ya fila palibaki weusi wa umbo la jani, ncha zake zikielekea mbele na nyuma. Hapo ni chini, na hakuna msasa utakaopapandisha. Mbele yake, karibu na mkunjo, bati liling'aa kwa ukubwa wa sarafu katikati ya fila. Hapo ni juu. Nundu ya bati ukiendelea kuipiga msasa unaishia kulifanya bati kuwa jembamba. Niliigonga kwa nyundo ndogo yenye uso laini, kugonga kwepesi kwepesi, hadi kigezo kikakaa bila kuyumba juu yake.

Kisha fila ya pili, nyembamba, juu ya yote: kwenye jani jeusi, kwenye nundu iliyoshuka, na kupita pande zote. Sikuiweka kwenye weusi peke yake, kwa sababu ile ile niliyomweleza mdogo wangu.

Jumatatu jioni: kiganja

Kigezo kinakubali sehemu zote tatu. Ukimulika tochi kwa nyuma, mwanga unaopenya kati ya kadibodi na fila ni uzi mwembamba unaolingana. Lakini kigezo kinapima mistari mitatu tu, na kati ya mistari hiyo kuna ubavu mzima ambao hakijaugusa.

Kiganja ndicho kinachoujua. Naweka kitambaa chembamba cha pamba juu ya fila, naweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa, vidole vimebanana, kiganja chote kimelala, napeleka mbele na nyuma bila kukandamiza. Kitambaa kinaondoa ukavu wa ngozi na hisia za mikwaruzo midogo. Kinachobaki ni umbo. Mkono wa kushoto naupendelea kwa kuwa wa kulia umeshazoea nyundo na spana, ngozi yake imekuwa nene. Ninafumba macho. Macho yakiwa wazi yanaona mpaka wa kijivu cha fila na fedha ya bati, na akili inaanza kuhisi ngazi ambayo haipo.

Nilihisi kitu kimoja: karibu na ukingo wa nyuma wa fila kiganja kilipanda kidogo kisha kikashuka. Ni kidogo sana, kigezo hakikukigusa. Unga mweusi ukathibitisha, mstari wa weupe wenye upana wa kidole ukajitokeza mapema kuliko sehemu nyingine. Huo ndio mwisho wa fila ambao haukufifishwa vya kutosha. Namba 80 tena, mapigo marefu yanayoingia ndani kabisa ya bati la nyuma, mpaka mstari ukafa.

Hapa ndipo subira inalipa kuliko mahali popote. Fundi mwenye haraka atasema praima itafunika. Praima nzito inafunika mikwaruzo. Wimbi la upana wa kidole haijawahi kulifunika.

Jumatano: mkunjo wa juu, na namba 180

Mkunjo ukipigwa msasa kutoka pande zote mbili kwa pamoja hulainika, na tangi linapoteza sura yake ya kiwandani hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Nilibandika tepu ya karatasi pembeni mwa mstari, upande wa juu, nikapiga msasa upande wa ubavu hadi kwenye ukingo wa tepu. Nikaitoa, nikaibandika upande wa ubavu, nikapiga wa juu. Nyuso mbili zikakutana kwenye mstari mkali ulionyooka kutoka kwenye kifuniko hadi nyuma. Mwishoni nikaupitia mara moja kwa mkono mwepesi ili usiwe wembe, maana rangi haikai kwenye wembe. Hujikusanya pembeni na kuacha ncha nyembamba inayokwaruzika upesi.

Kutoka 80 nimekwenda 120 na kisha 180. Kila namba ina kazi ya kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, si kubadilisha umbo tena. Unga mweusi napaka kila ninapobadilisha namba: weusi unakaa ndani ya mikwaruzo ya zamani, na ukiisha wote ujue imekwisha. Kuruka kutoka 80 kwenda 240 kunaonekana kuokoa muda, ila 240 inalainisha vilele vya mikwaruzo na kuacha mashimo yake, na praima ikishakauka na kujibana mikwaruzo ile inachomoza juu.

Vitundu vya sindano vilijitokeza vichache karibu na mkunjo. Nilivipuliza kwa hewa kwanza, kwa kuwa kitundu kilichojaa vumbi hakizibiki, kinafunikwa tu, kisha nikasukumia fila laini ya kumalizia kwa makali ya plastiki, kwa pande mbili tofauti.

Yote haya ni msasa mkavu. Kuna unga wa talki ndani ya fila, na fila hunyonya maji. Maji hayo yakifungiwa chini ya praima na rangi yatatafuta njia ya kutoka siku tangi litakapopata jua, na utaona malengelenge. Msasa wa maji unasubiri praima. Vumbi lenyewe ni baya kwa mapafu, hivyo barakoa ya vumbi haikunitoka usoni.

Kuzunguka mdomo wa mafuta nimeacha bati bila fila. Petroli humwagika hapo kila unapojaza, na ikipata ukingo wa fila chini ya rangi inaingia na kuinua. Mahali raba ya kifuniko inapokalia pia hapaguswi.

Ijumaa: praima

Tabaka moja la praima ya epoksi kwenye kila kitu, kwa ajili ya bati lililo wazi. Juu yake praima nzito ya kujazia, tabaka tatu, kila moja ikipewa dakika 10 hadi 15 ya kupumua. Ukiharakisha, thina inafungiwa chini na praima itaendelea kujibana wiki nzima. Hadina ya praima hii nzito ya kuchanganya ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Nimepulizia nikiwa nimevaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Asiye nayo ampelekee mwenye chumba cha rangi kazi ya hatua hii. Hakuna tangi linalostahili pumu.

Jumapili: msasa wa maji

Unga mweusi tena, uso mzima. Msasa namba 400 na maji yenye tone la sabuni, sasa kwa kibao cha sponji ngumu, kwa kuwa umbo limeshakamilika na kinachobaki ni ngozi yake. Mwendo ni ule ule wa mshazari.

Weusi uliondoka sawia kutoka mbele hadi nyuma. Palibaki vidoa viwili vidogo kwenye sehemu ya magoti, ambavyo bomba la mpira lilivimaliza. Karibu na mkunjo epoksi ilianza kuchungulia, nikasimama hapo hapo. Bati halikujitokeza mahali popote.

Kisha nikalilowesha tangi kwa maji, nikalaza taa ndefu sambamba na ubavu, kwa chini, nikaangalia maji yakiwa bado yamelala. Kwa sekunde kadhaa praima inang'aa kama itakavyong'aa rangi. Nikasogeza kichwa polepole. Mstari wa taa ulitoka mbele, ukapita palipokuwa na bonde, ukaenda hadi nyuma ukiwa mzima. Nikageuza tangi, nikafanya vivyo hivyo kulia, mistari miwili ikafanana. Mdogo wangu akataka kuonyeshwa bonde lilikuwa wapi, ikabidi nilitafute kwa kupima kutoka kwenye mkunjo.

Limemaliziwa namba 600 na kukaushwa. Rangi nyeusi inafuata wikendi hewa ikiwa kavu, kisha tabaka mbili za kliya ya kuchanganya na hadina, kwa sababu kliya ya kopo la kawaida huyeyuka petroli ikiidondokea. Koki na kifuniko vitarudi kliya ikishakomaa, na mafuta baada ya hapo.